Mzee Mwenye Mizinga Juu ya Paa

Mimi na Wavinya tunasuka kichwa kimoja. Pale Kenyatta Market, hapa Nairobi, mteja hasubirishwi: mmoja anashika upande wa kushoto, mwingine wa kulia, na tunakutana katikati. Kwa hivyo mambo yake nayajua, hata yale nisiyotaka kuyajua. Na hakuna lililokuwa likinikera kama katuni.

"Mwanamke mzima!" nilikuwa namwambia juu ya vichwa vya watu. "Una mvi hapo mbele, na bado unakimbilia nyumbani kutazama katuni. Huoni haya?"

"Nakhumicha, wewe endelea na vipindi vyako vya watu kuchapana makofi," ananijibu, vidole havisimami. "Mimi niachie zangu."

Mteja wa mtaa wa Kilimani anacheka, na mimi namvuta nywele kidogo, maana hivyo vipindi ni kweli navipenda.

Lakini Jumapili, tukishatoka kanisani, nilikuwa nakwenda kwake Ngumo, hapo nyuma ya soko. Nilikuwa nafuata mahamri, msinielewe vibaya. Wavinya anafunga mapazia, anavua viatu, anakunja miguu kwenye kochi kama msichana wa shule, na chumba kizima kinakuwa cha buluu kwa mwanga wa runinga. Katuni aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya mji uliofurika. Maji yamefika madirishani, yametulia tuli, na msichana mdogo anapita barabarani ndani ya beseni la kufulia, akipiga kasia kwa mwiko, akitafuta kwao. Samaki wanaingia na kutoka kwenye maduka. Haraka hakuna. Mtu anaweza kukaa dakika nzima akitazama pazia likielea. Mara ya kwanza nilisinzia. Mara ya pili nilisinzia kidogo tu. Baadaye nikaanza kuja mapema, lakini hilo sikumwambia.

Halafu mama yake akaja kutoka Makueni. Macho yote mawili yalikuwa yameingia ukungu, mtoto wa jicho, na alikuwa anangojea kuitwa hospitalini. Wavinya anamwita Mwaitu, ndivyo Wakamba wanavyomwita mama. Mimi nilimwita Mama tu. Alikuwa anaketi katikati yetu kwenye kochi, leso mabegani, uso ameuelekeza kwenye runinga asiyoiona.

"Mnatazama nini?"

Basi Wavinya akawa anamsimulia. Ile katuni ni ya lugha ya mbali, maneno ya Kiingereza yanapita chini, kwa hivyo hata sisi wenye macho tulihitaji msaada. Alisimulia vizuri, jameni. Maji yakawa maji ya Mto Athi wakati wa mafuriko, beseni likawa lile la Mwaitu la kijani lililotoboka. Yule bibi mzee alikuwa anaitikia kwa kichwa polepole, ametulia, chai inapoa mkononi.

Siku moja, ndani ya katuni, mluzi ukasikika. Mrefu, unapanda, unashuka, unatoka mahali juu ya nyumba.

"Nani huyo anapiga mluzi?" Mwaitu akauliza.

Mimi niliona ni nini. Lilikuwa bomba la bati juu ya paa, limevunjika, upepo unapita ndani yake. Wavinya naye aliliona. Lakini mdomo wake ukasema, "Ni mzee fulani. Yuko juu ya paa na mizinga yake ya nyuki."

Nikamgeukia. Ai! Mizinga imetoka wapi?

Marehemu Mzee Kiilu, baba yake Wavinya, alikuwa mfuga nyuki. Akiwa njiani kushuka kutoka kilimani alikuwa anapiga mluzi, ili mkewe aweke chai motoni. Hiyo hadithi naijua, tumeisukia vichwa vingi.

Mwaitu aligeuza sikio kuelekea runinga. Halafu akauliza kwa sauti ndogo, "Amevaa kofia?"

"Amevaa, Mwaitu."

"Ameivaa upande?"

"Upande."

Bibi akacheka kidogo peke yake, akanywa chai yake yote.

Kuanzia hapo mzee hakukosa. Kila sehemu, bomba likilia, Wavinya anamtoa mzee na kazi mpya: anamwonyesha msichana njia, anamrushia asali, anagombana na samaki. Mwaitu alichangamka mno. Alikuwa anaamka akiuliza, "Leo ni Jumapili?" Kula akawa anakula. Mimi siri nikaitunza. Ningesema nini? Mama wa watu anakutana na mumewe, mimi nani niingilie?

Kisha hospitali ikapiga simu. Watapasua jicho moja kwanza, la kulia. Watu wanapopata habari kama hiyo wanaimba. Wavinya alisuka siku nzima ameinamisha kichwa, na alipofika katikati, mstari wake haukukutana na wangu. Tukafumua.

"Atataka kuitazama," alisema mwishowe. "Ameniambia ndiyo kitu cha kwanza anachotaka kuona. Amtazame yule mzee. Nakhumicha, nitamzika baba mara ya pili."

"Mwambie runinga imeharibika."

"Siwezi kumdanganya tena."

Hasira zikanishika. Nilimwambia aliyataka mwenyewe, yeye na katuni zake. Halafu nikaenda chooni nikalia, kwa sababu na mimi nilikuwa nimemzoea yule mzee.

Jumapili ilipofika, bandeji ilikuwa imetolewa. Mwaitu alitutazama mmoja mmoja. "Wavinya, umenenepa," alisema. "Na wewe kumbe ndiwe Nakhumicha. Nilidhani wewe ni mrefu." Akakaa mahali pake katikati. Mapazia yakafungwa, chumba kikawa cha buluu.

Msichana akatokea ndani ya beseni. Mwaitu akashika kifua. "Kumbe maji yenyewe ni ya rangi hii!" Aliinama mbele kama mtu anayesoma. Samaki wakapita, naye akawafuata kwa kidole. Sijawahi kuona mtu akifurahi hivyo, na nilitamani iishie hapo hapo.

Mluzi ukalia. Picha ikapanda, ikapita madirisha, ikafika juu ya paa. Bomba la bati. Upepo. Mawingu. Basi.

"Ni bomba," alisema Mwaitu.

Msichana akaendelea kupiga kasia. Wavinya alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili, machozi yanapita kati ya vidole. Mwaitu alimtazama kwa hilo jicho jipya, akamtazama sana. Akampapasa goti.

"Rudisha nyuma kidogo," alisema. "Hapo pa mluzi."

Wavinya akarudisha. Mwaitu akainua kiganja, akafunika jicho la kulia, hilo zima, akabaki na lile la ukungu. Akageuza uso juu.

"Haya. Leo ana kofia?"

Wavinya alijaribu kujibu. Upande wake ulikuwa umekwama, basi mimi nikashika wangu.

"Anayo, Mama," nikasema. "Ameivaa upande. Anafunika mzinga wa mwisho."

"Basi wekeni chai motoni," alisema Mwaitu, kiganja bado juu ya jicho. "Anashuka."