Kuisemea Kwaya ya Wengine

Jumamosi, tarehe kumi na nne ya mwezi wa pili, nilikuwa nimeketi barazani kwangu hapa Burungu, ungo wa mbegu za maharagwe magotini, karatasi za somo la Jumatatu zimebanwa kwa jiwe kando yangu. Mikono ilichambua, macho yalisoma. Somo lilihusu namna wanafikra wa ng'ambo, katika ile karne waliyoiita ya nuru, walivyoviogopa vyama vya siasa. Wanafunzi wangu wa mwaka wa sita wa sekondari hushangaa kusikia hivyo, maana wao hudhani demokrasia na vyama vilizaliwa siku moja. Sivyo. Wengi wa watu wale walikiona chama kuwa ugonjwa, kiungo kinachojidai kuwa mwili mzima. Babu zao walikuwa wamechinjana kwa ajili ya dini, na hofu hiyo waliirithi.

Jirani yangu alinikuta katika ukurasa huo. Ni mjane, mkulima wa maharagwe na muhogo, na kiongozi wa kwaya ya watu wa bondeni katika kanisa letu. Kwaya ya pili ni ya watu wa mlimani. Kwa muda mrefu zilikuwa zikigombania nani ataanza nyimbo za Pasaka, hata zikafikia kutopikiana chakula msibani.

"Mama Mwalimu, umesikia? Pasteri anataka kuvunja kwaya zote mbili. Ibakie moja, na yeye njo atachagua kiongozi."

"Labda atakuchagua wewe."

"Mimi? Atachagua ule wa mlimani. Iko na sauti, na bwana yake iko na ng'ombe." Aliketi, akachota mbegu zangu akaanza kuzichambua bila kuombwa. "Tangu bwana yangu afe, muntu akiniuliza niko nani, ninasema niko mama wa kwaya. Wakinitosha, wakiniondoa pale, nitasema niko nani?"

Nilimsogezea ungo. Mchungaji wetu si mtu mbaya. Jumapili iliyotangulia alikuwa ametuuliza kutoka mimbarani, "Tumekimbia mara ngapi kwa sababu ya makundi?" Hakuna aliyenyanyua macho. Katika vilima hivi, ambako vita vya makundi vimetufukuza makwetu tena na tena, swali hilo halihitaji maelezo.

Jumatatu, nikiwa mbele ya darasa, nilimkumbuka mwalimu aliyenifundisha somo hilohilo katika chuo cha ualimu, ambaye sasa amestaafu na kulima kwao Pinga. Yeye ndiye aliyenionyesha kwamba wanafikra wale hawakuwa na sauti moja. Mmoja alitaka kila raia aamue peke yake, pasipo kundi la kumshika mkono. Mwingine alitenganisha makundi yanayozaliwa na maslahi, yale ya imani, na yale ya mapenzi tu kwa watu fulani. Wa tatu alisema kwamba kuyafuta makundi ni kuufuta uhuru wenyewe. Afadhali yawe mengi, lisipatikane moja la kuyameza mengine. Lakini zaidi ya mawazo hayo, mwalimu alikuwa na desturi yake: hukuruhusiwa kutetea upande wako kabla ya kuusemea upande wa pili, mpaka wenyewe wakiri kwamba ndivyo wanavyosema.

Baraza la kanisa lilipokutana wiki hiyo, niliomba tufanye hivyo.

"Mama Mwalimu, hapa si shule," mchungaji alisema.

"Ni kweli, Pasteri. Shuleni wananitii."

Watu walicheka, naye akatikisa kichwa kukubali. Kiongozi wa kwaya ya mlimani alisimama kwanza.

"Sawa. Mimi niko ule mama wa bondeni. Ninaimba kwa pua."

"Hapo sijasema," jirani yangu alijibu, na kicheko kikazidi.

"Endelea, Mama," nilimwambia, "mpaka akubali."

Alikunja pembe ya kitenge chake. Kisha akasema polepole, "Mimi niko mama wa bondeni. Nyumba yangu iko kimya. Siku ya mazoezi njo siku ninapikia watu wengi. Mukivunja kwaya, munanirudisha mu ile kimya."

Jirani yangu aliinamisha kichwa. "Njo vile," akakiri.

Zamu yake ilipofika, alisema, "Mimi niko mama wa mlimani. Watu wanasema niko na kiburi sababu ya ng'ombe. Lakini nilitoka Nyamitaba nikikimbia, nikafika hapa bila hata sufuria. Hii kwaya nilianzisha na wale nilikimbia nao."

"Njo vile."

Mchungaji aliwatazama wote wawili. "Na mimi, nani atanisemea?"

Mama wa mlimani ndiye aliyejibu. "Wewe uko unaogopa tukimbie tena, Pasteri."

"Njo vile," alisema kwa sauti ndogo.

Hapo ndipo nilipopendekeza kwamba kwaya zisipunguzwe, bali ziongezwe: wababa wawe na yao, vijana na yao, na kuanza nyimbo kuwe kwa zamu.

"Mama," mzee mmoja aliuliza, "ugonjwa unatibiwa kwa kuongeza ugonjwa?"

"Papa, kwaya mbili zinapimana nguvu tu. Zikiwa nne, zitalazimika kuombana."

Hakuridhika, lakini mchungaji alikubali tujaribu. Siku ya Pasaka wababa walianza wimbo chini mno, wakazidi kuzama kila ubeti. Kwenye benchi moja, viongozi wale wawili walikuwa wameziba vinywa kwa vitenge, mabega yakitikisika. Si kila kitu kilipona. Wapo vijana wa mlimani ambao hadi leo hunyamaza watu wa bondeni wakianza.

Wiki chache baadaye nilimkabidhi dereva wa pikipiki aendaye Pinga barua hii:

"Mwalimu wangu mpendwa, nakusalimu pamoja na watu wa nyumba yako. Nimelifundisha somo lako la makundi kwa miaka mingi, nikilishukuru kama mtu anavyolishukuru paa siku isiyo na mvua. Mwaka huu mvua ilinyesha. Jirani yangu bado ni mama wa kwaya, na mpinzani wake sasa hupita kwake kabla ya mazoezi, akidai kwamba amekuja kuonja tu chumvi. Wameniuliza kama wale wazee wa ng'ambo walikuwa wakiimba. Sikujua. Ukijua, tuandikie. Pamoja na barua hii nakutumia kikombe cha mbegu za maharagwe, zile jirani yangu alizonisaidia kuchambua siku aliyokuja na shida yake. Asante kwa kunilazimisha, nikiwa binti mbishi, kuusemea upande nilioukataa."