Siku Nilipofuta Neno la Baba wa Bibi Harusi

Nimechoka kusimuliwa na wengine, leo nitajisimulia mwenyewe, maana pale Kitshanga kila anayeeleza aibu yangu ananiongezea ujinga, na ule niliokuwa nao ulitosha kabisa.

Mimi ni fundi wa kompyuta kwenye kampuni yetu inayotengeneza programu za simu kwa wafugaji wa maziwa, na kazi ilipoongezeka wakaajiriwa watu wapya, kompyuta mpya zikaja kutoka Goma, na kila moja ilinitaka nikae mbele yake kutwa nzima nikibonyeza "ndiyo, ndiyo, endelea" kama mtu anayeitikia mahubiri. Nikachoka. Nikatengeneza programu ya kunifanyia kazi hiyo: kompyuta mpya ikionja mtandao kwa mara ya kwanza, inajisafisha yenyewe, inafuta kila kilichomo, inajiwekea vitu vya kampuni, basi. Mkurugenzi wetu, dada Riziki, aliniambia, "Bahati, uiweke ikuwe inauliza muntu mbele ya kufuta." Nikamjibu kwamba maswali ndiyo yanayochelewesha maendeleo (nilisema hivyo kweli, na mkono kiunoni).

Sasa dada Riziki akapata mchumba, harusi ikapangwa. Baba yake, Papa Musafiri, anakaa Ntoto, na mguu wake mgonjwa haukuweza safari ya pikipiki, lakini kwao binti hainuki kwenye kiti kwenda kwa mumewe kabla neno la baba halijasikika mbele ya familia zote mbili. Basi mzee akajirekodi kwa simu, mwendesha pikipiki akaileta video kwenye kadi ya kumbukumbu ya simu hiyo, nami nikakabidhiwa niionyeshe ukutani siku ya sherehe. Nikaitazama mara moja kuhakikisha sauti inasikika, nikaihamishia kwenye kompyuta, kadi nikamrudishia mzee ikiwa tupu, maana aliihitaji. Kompyuta ipi? Yangu ilikuwa na kioo kilichopasuka, na mimi nilitaka wakwe waone kwamba kampuni yetu imekua, kwa hiyo nikachukua mpya kabisa, ambayo haijaonja mtandao.

(Naona mmeanza kushika vichwa. Subirini.)

Ukumbini mambo yalikwenda vizuri mpaka shangazi wa bwana harusi akaniomba muziki wakati tunangoja wazee wakae. Muziki sikuwa nao. Nikaunganisha kompyuta na mtandao wa simu yangu, wimbo ukalia kidogo, ukakatika, na pale ukutani, mbele ya mchungaji, wakwe na wale waliokuja kula tu, yakatokea maneno niliyoyaandika kwa majivuno yangu mwenyewe: "Tulia. Ninafuta yote ya zamani."

Nikabonyeza kuzima, nikakumbuka kwamba mimi mwenyewe nilikuwa nimeizuia isizimwe.

"Iko inafuta nini?" shangazi akauliza.

"Neno ya Papa," nikajibu, na kipaza sauti kilikuwa karibu na mdomo, kwa hiyo niliujibu ukumbi mzima.

Tukapiga simu Ntoto, haikuita. Kule mtandao unapatikana juu ya kilima tu, na mzee hakuwa na sababu ya kupanda, yeye alijua neno lake limefika. Upande wa wakwe wakaanza kunong'ona kwamba labda video haikuwahi kuwapo, labda baba amekataa. Dada Riziki amekaa, hainuki, machozi yanamharibia poda. Hapo ndipo nilipoona aibu ya kweli, si ile ya kuchekwa, ni ile ya kujua umemharibia mtu siku yake.

"Bahati," akasema, "weye peke yako njo uliiona. Simama, useme."

"Dada, miye siwezi kusema kama Papa."

"Sema kama weye. Lakini sema yote."

Basi nikasimama, kijana asiye hata na mchumba, jasho linanitiririka mpaka kwenye soksi, nikawa baba. "Riziki mutoto yangu, kule unaenda usijifanye mugeni. Chakula ikikosa chumvi, sema. Roho ikiuma, sema. Mulango yangu haiko na kufuli." Kisha nikasahau. Macho yakaangukia kiti kitupu pembeni yake, alichowekewa marehemu mama yake, nikasikia mdomo unaendelea wenyewe: "Na mama yako angekuona leo, angecheza mupaka viatu vitoke."

Riziki akainuka. Vigelegele vilipotulia bwana harusi akanipigia goti, "Aksanti sana, baba mukwe," watu wakaanguka kwa kicheko, na tangu siku hiyo mkurugenzi wangu mwenyewe akinituma kazi ananiita Papa.

Mguu ulipopona mzee alikuja kututembelea, akaniketisha, akataka nirudie neno lake mbele yake. Nikarudia. Nilipofika kwa mama, akanikatiza.

"Ile ya mama yake, miye sikuisema."

Nikaanza kuomba radhi.

"Acha. Nilijaribu, nikajaribu tena, sauti ikakataa, njo nikaiacha." Akanishika bega. "Sasa imesemwa."

Nimeapa: harusi ya mtu yeyote nitakwenda na zawadi na njaa yangu, kompyuta itabaki ofisini imefungwa. Ila siku mzee akipanda kilima kule Ntoto, akimaliza kuongea na binti yake huwa ananipigia na mimi.

"Baba mwenzangu," ananiuliza, "mutoto yetu iko namna gani?"