Pua ya Wifi

Wifi yangu ni dobi, na kwa kupiga pasi hana mpinzani. Kola ikitoka mkononi mwake inasimama kama imemeza fimbo. Kasoro yake ilikuwa moja tu: pua. Tangu kifungua mimba wake ananyonya mpaka huyo mtoto akaota ndevu, Wifi alikuwa na mafua yasiyoisha. Alilala ameketi, akapumua kwa mdomo, akashika kichwa kila asubuhi kama mtu aliyeletewa habari za msiba. Harufu hakusikia hata chembe. Ungemwekea samaki aliyeoza chini ya mto, angekushukuru kwa mto mzuri.

Sasa dobi asiyesikia harufu na pasi ya mkaa, wapi na wapi? Ndipo nilipoingia mimi. Chumba chetu cha kazi kina meza moja na dirisha moja. Yeye anapiga pasi dirishani, mimi nakaa kwenye kigoda nyuma yake, nakunja. Kitambaa kikianza kunuka moto nasema, "Inua!" Naye anainua. Hatugeukiani, na umbea haukatiki. Kaka yangu aliyemuoa alikuwa akilalamika kwamba yeye kaoa nusu, nusu nyingine ninayo mimi. Nilimcheka, lakini moyoni niliona raha.

Mwisho daktari akasema ndani ya pua kumeota vinyama, na vijishimo vya hewa nyuma ya mashavu vimejaa usaha. Dawa zimeshindwa, apasuliwe. Nikamuombea apone, Mungu ni shahidi. Ila sikuomba arudi na shoga.

Shoga mwenyewe alikuwa fundi cherehani, walilala vitanda jirani wodini, wote wamepasuliwa pua. Alipokuja kwetu mara ya kwanza bado ana pamba tundu moja, nikambatiza Bi Pamba. Mimi ndiye niliyepasha maji, nikatia chumvi, nikashika beseni Wifi akisafisha pua. Mimi ndiye niliyemgombeza asiiname wala asipenge. Lakini Bi Pamba akiingia tu, nageuka mgeni nyumbani kwa kaka yangu.

"Ganda lako limetoka?" anauliza.

"Limetoka, shoga! Kama mende!"

Wanacheka huku wameshika pua, maana kucheka kunawauma. Nami nimesimama na beseni lenye huyo mende.

"Wewe dada huwezi kuelewa," Bi Pamba akaniambia siku moja. "Haya ni ya sisi tuliopasuliwa."

Nikatamani na mimi nipasuliwe, angalau tundu moja.

Kisha asubuhi moja nakaanga vitunguu jikoni, nikamsikia Wifi chumbani analia na kucheka. "Nimevisikia! Vitunguu, shoga, nimevisikia!" Alikuwa kwenye simu na Bi Pamba. Mimi mkaangaji nikapata habari kupitia ukutani.

Daktari alipomruhusu kurudi kazini, Bi Pamba akaja kutazama. Akakalia kigoda changu. Changu!

"Leo usimwambie kitu," akaniamuru. "Mwache anuse mwenyewe. Kazi yako imekwisha, dada. Pumzika."

Wifi akacheka tu. Hakusema hapana. Hilo ndilo lililonichoma kuliko pasi. Kumbe miaka yote ile nilikuwa pua ya kuazima, na sasa mwenye pua kapata yake. Nikasimama mlangoni, mdomo nimeufunga kama gunia la mkaa.

Wifi akatandaza shati jeupe la kaka. Pasi ikaenda, ikarudi, ikatulia mgongoni mwa shati huku Bi Pamba anasimulia mambo ya mteja wake mmoja. Harufu ikaanza. Nikang'ata ulimi. Harufu ikapanda. Moshi ukapanda.

"Shati!" Bi Pamba akaruka.

Wifi akainua pasi. Alama ya kahawia, mgongoni, pasi nzima na ncha yake.

"Maskini," akasema Bi Pamba. "Kumbe pua bado haijapona."

"Imepona! Nimesikia tangu linaanza kuungua."

"Sasa mbona hukuinua?"

Wifi akanigeukia mimi, macho yamemtoka. "Nilikuwa namngoja huyu aseme! We wifi, umekuwa bubu? Nasikia moto, nangoja 'inua', nangoja, kimya! Unajua kabisa mkono wangu haujui kuinuka bila sauti yako. Unaniacha naunguza shati la mume wangu?"

Nimetukanwa sana maishani, lakini sijawahi kutukanwa vitamu namna ile.

"Shoga," nilimwambia Bi Pamba kwa adabu zangu zote, "nipishe kwenye kigoda changu."

Akanipisha. Bado anakuja, na chai nampa, kwenye kikombe chenye ufa. Lile shati kaka analivaa ndani ya koti hata jua likiwaka, na watu wakimuuliza kama hasikii joto, anawaambia wakaniulize mimi.