Mpika halua wa Jadida aamua kutolewa utumbo

Saa mbili asubuhi, nyuma ya nyumba moja ya mtaa wa Jadida mjini Wete, Hudhaifa Marhoun anakoroga halua. Wanga, sukari na samli vimeanza kushikana na mwiko unazidi kuwa mzito. Halua ikifika hapo haiachwi hata dakika moja. Ikiachwa hushika chini, na sufuria nzima huharibika.

Anasita, anajishika tumbo. "Ami, shika," anasema. Mzee Khatib, ndugu wa marehemu baba yake, anainuka kwenye kigoda na kuupokea mwiko. Hudhaifa anaharakisha kwenda chooni. Ni mara ya nne asubuhi hii.

Ana miaka 26. Tangu alipokuwa na miaka 18 anaugua vidonda vya utumbo mpana, maradhi ya kudumu yanayomharisha damu. Siku nzuri huenda chooni mara sita. Siku mbaya hupita kumi na tano. Uzito wake umeshuka kutoka kilo 67 hadi 48. Sufuria moja humpatia shilingi elfu ishirini, lakini mwezi uliopita aliweza kupika siku tisa tu.

"Watu hudhani nalilia maumivu," anasema anaporudi. "Maumivu nishayazowea. Natamani kusali tarawehe mpaka mwisho. Natamani kukaa barazani na wenzangu bila ya kufikiria choo kiko wapi. Wao hata hawajui kama hiyo ni neema."

Miezi mitatu iliyopita, daktari bingwa jijini Dar es Salaam alimweleza kuwa dawa zimeshindwa. Kipimo cha kamera kilionesha seli zilizoanza kubadilika, ambazo zikiachwa huenda zikawa saratani. Alimshauri utumbo mpana uondolewe wote. Choo kitatokea kwenye tundu dogo tumboni na kuingia kwenye mfuko, huenda kwa maisha yake yote.

"Nikamuuliza, 'Daktari, mie nivae mfuko wa choo na umri wangu huu?' Akanambia, 'Nenda kafikiri, lakini usikae sana.'"

Aliporudi Pemba, mama yake, Bi Rumaitha, hakutaka kusikia habari hiyo. Kwa miaka minane alikuwa amemtafutia makombe, maji ya aya zilizoandikwa kwenye sahani ayanywe, na mizizi ya kila aina.

"Nilimwambia bora abaki hivyo alivyo," anakiri Bi Rumaitha. "Baba yake aliingia chumba cha upasuaji kwa miguu yake, akatolewa amebebwa. Nitampelekaje na huyu?"

Hudhaifa alikwenda kumuuliza imamu wa msikiti wao kuhusu sala. Aliambiwa mgonjwa ana ruhusa yake: atie udhu kila sala inapofika, kisha asali. Hofu moja ikabaki, harufu.

Muuguzi mmoja ndiye aliyempa namba ya Bi Mwanawema, mkulima wa muhogo karibu na Konde, anayeishi na mfuko kwa mwaka wa tisa sasa. Mama na mwana wakaenda pamoja.

"Alitupikia muhogo wa nazi, tukala, tukazungumza saa nzima," anasimulia Hudhaifa. "Halafu akaniuliza, 'Mwanangu, umesikia harufu yoyote?' Nikamwambia sikusikia. Akasema, 'Basi muda wote huo ulikuwa umekaa ubavuni pa mfuko wangu.'"

Bi Mwanawema hakumficha na mengine. Kwamba miezi ya mwanzo alilia kila siku, kwamba mfuko uliwahi kumbanduka akiwa harusini, na kwamba mara nyingine mifuko huagizwa Unguja.

"Nilimwambia utaulilia mwili wako," anasema mkulima huyo. "Lakini mie nalima, nasafiri, na wajukuu wananilalia mapajani."

Walipofika nyumbani, Bi Rumaitha alivua buibui lake, akalikunja taratibu. Kisha akamwambia mwanawe, "Nitakwenda na wewe. Safari hii nitakaa pale pale mlangoni."

Kesho yake Hudhaifa alipiga simu hospitali. Atapasuliwa Jumanne ya wiki ijayo.

Anapoulizwa akipona ataanza na nini, hataji kazi. Anamtaja Thuraiya, mwalimu wa skuli anayeishi Tibirinzi, Chake Chake, aliyekuwa mchumba wake. Miaka miwili iliyopita Hudhaifa alimpelekea ujumbe wa kuvunja uchumba bila ya kumwambia sababu. Aliona aibu.

"Alinipigia siku nne mfululizo, sikupokea. Akaniandikia, 'Nimekukosea nini?' Mpaka leo sijamjibu." Anasikia bado hajaolewa, ingawa anasema hilo silo linalompeleka kwao.

"Daktari kasema baada ya miezi mitatu naweza kusafiri mwenyewe. Nitakwenda Tibirinzi, nibishe hodi kwao, nimwambie mbele ya baba yake kwamba hakunikosea kitu. Nimwambie nilikuwa naumwa, na naumwa nini."

Anafuta jasho kwa mkono wa kanzu.

"Wakinikaribisha nikae, nitakaa."