Siku Mti Ulipokula Kivuli Chake

Nilitoka nyumbani kwa sababu ya kivuli. Ninyi wa Mangobo, mtaa wetu wa Kisangani, mlionicheka siku ile, kaeni nami mpaka mwisho wa safari. Mtacheka tena, lakini kicheko kingine.

Shule nilisoma miaka minne tu, kisha nikakaa na Papa, fundi wa nguo, nikimshonea vifungo na kupinda mapindo. Lakini jioni tatu kila juma nilikwenda mtaa wa Kabondo kwenye darasa la jioni. Huko mwalimu alituonyesha dunia kwa chungwa na taa. Alisema dunia ni mviringo, inajizungusha bila kuchoka, na kiunoni mwake kuna mstari uitwao ikweta, ambao reli yetu ya Ubundu inaukata katikati ya msitu. Tena akasema: tarehe ishirini na moja ya mwezi wa tatu, saa sita mchana, mtu akisimama pale hana kivuli, maana jua liko juu ya utosi wake barabara.

Nilirudi nyumbani nusu natembea, nusu naruka. Papa aliposikia, alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja.

“Feruzi, tangu nizaliwe niko chini ya hili jua. Mutu bila kivuli sijaona. Kama ni vile wanakufundisha kule, bon, afazali ubaki hapa ushone.”

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililoniuma. Alisema kama mtu anayemhurumia mwanawe aliyedanganywa sokoni. Tukapatana hivi: niende nikaone, na mdogo wake, tonton Asani, anifuate awe shahidi, kwa kuwa tonton hajui kusema uongo hata wa kumfurahisha mgonjwa.

“Saa sita juu ya saa ya treni,” Papa akasema. “Kivuli kikiwa pale, darasa la jioni imekwisha.”

Alfajiri ya tarehe ishirini tulivuka mto kwa mtumbwi kwenda ng’ambo ya kushoto, ambako treni huanzia. Maji yalikuwa ya rangi ya chai, na ukungu ulikuwa umelala juu yake kama shuka. Mimi nilikuwa nawaza: hapa tulipo, sasa hivi, tunazungushwa na dunia pamoja na mto wote, na hakuna tone linalomwagika! Nikamwambia tonton. Yeye akashika ukingo wa mtumbwi kwa mikono miwili.

“Usiniambie mambo ya kuzunguka kama tuko juu ya maji,” alisema. “Ngoja tufike inchi kavu.”

Mchana kutwa treni ilikwenda msituni kwa mwendo wa mzee aliyeshiba, ikisimama kupakia kuni na maji. Cheche zilirukia madirishani, na mama mmoja alizizima kwa ukindu aliokuwa akisuka bila hata kukatiza hadithi yake. Miti ilisimama pande zote mbili, mirefu kiasi kwamba mbingu ilikuwa utepe tu juu ya reli. Nilikaa nikiutazama utepe ule mpaka shingo ikauma.

Saa tisa hivi tulishuka kwenye kambi ya wafanyakazi wa reli. Kando ya njia palikuwa na jiwe lililopakwa chokaa. Huo ndio mstari. Nilikuwa nimetazamia kitu kikubwa zaidi, sijui kitu gani, labda ufa. Majani ni yaleyale huku na huku, na kuku mmoja alivuka upande wa pili wa dunia akifuata panzi.

Kapita wa kambi, yaani msimamizi wa wafanyakazi, Lokangu, alitupokea. Zamani alifanya kazi na tonton kwenye reli, wakakumbatiana na kupigana mabega. Mke wake, Mama Sifa, ndiye anayewapikia wafanyakazi wote.

“Karibuni, lakini musiwe na njaa mbiyo,” Kapita alisema. “Huyu bibi chakula yake haijafika hata siku moja kwa saa. Saa sita inalia hapa,” akatoa saa ya mfukoni, ya reli, inayolinganishwa na ile ya stesheni, “yeye bado anakoroga!”

“Chakula yangu inafika kwa wakati yake,” Mama Sifa akajibu. “Ni saa yako ndiyo inakimbia. Inafukuzwa na nani?”

Jioni, mbele ya sahani, nilifanya kazi ya mwalimu. Nilichukua donge la lituma, ile ndizi iliyotwangwa, nikalizungusha mbele ya moto: hapa Kisangani, hapa Ubundu, moto ndio jua. Nikachomeka njiti ya ufagio iwe mtu. Nilieleza sana. Nilieleza mpaka lituma ikapoa. Mama Sifa alisikiliza mkono shavuni, mara mbili akafungua kinywa, na mara zote mbili nikamwambia, “Ngoja Mama, bado sijamaliza.”

Nilipomaliza alisema tu, “Mutoto iko na maneno mazuri. Sasa kula dunia yako.”

Asubuhi kulikuwa na mawingu. Mimi sikuweza hata kunywa chai. Nilisimama kando ya jiwe nikiomba, na saa nne upepo ukaja ukayafagia, jua likatoka kali. Wafanyakazi wote wakaja wamebeba koleo zao, maana habari ilikuwa imeenea: leo mtoto wa Kisangani atapoteza kivuli chake.

Nilivua viatu nikasimama wima. Kivuli changu kilikuwa kifupi na kilikuwa kinaendelea kufupika. Kapita alishika saa kiganjani.

“Saa sita!” akapaza sauti.

Nikatazama chini. Kilikuwa pale. Kifupi, ndiyo, kama kiganja na zaidi kidogo, kimelala upande wa magharibi wa miguu yangu, cheusi, kimetulia.

“Ah, bado iko!” mmoja akapiga kelele. “Ambia kivuli aondoke!” “Labda hajui Kifaransa!” Walicheka, si kwa ubaya, lakini walicheka. Tonton Asani hakucheka. Aliinama akakipima kivuli kwa shubiri, ili atakaposema kwa Papa aseme kweli. Nami nikayaona maisha yangu yote: vifungo, mapindo, vifungo. Machozi yalinijia, nikajifanya natazama jua.

Basi Mama Sifa akaita kutoka jikoni, mwiko mkononi: “Munamcheka nini? Mti yangu haijafika.”

Jikoni kwake pana nguzo ndefu imesimama peke yake uani, na toka mguu wake amepanga mawe mstari mmoja, upande wa kaskazini na upande wa kusini. Kivuli cha nguzo kikigusa mstari ule, ndipo anapakua. Hiyo ndiyo saa yake.

“Saa ya Kapita inatoka stesheni,” alisema. “Mti hii inatoka kwa jua. Zinakosana kila siku, leo pia. Tena leo ni siku yake. Mara mbili kwa mwaka mti inakula kivuli yake yote. Jana nilitaka kukuambia, mwanangu. Ulikuwa unasema.”

Tukahamia uani, tukangoja. Hakuna aliyetania tena. Ilipita karibu nusu saa kwa saa ya Kapita. Kivuli cha nguzo kilijivuta, kikajivuta, kama mtu anayekunja mkeka, mpaka kikaingia mguuni mwa nguzo na hakikuwako. Nikajitazama: chini yangu palikuwa na udongo mweupe wa jua na miguu yangu basi. Kapita alivua kofia, akaiinua juu ya kichwa chake, akatafuta kivuli chake chini kama ameibiwa. Koleo zilizosimikwa zilisimama bila kivuli, kama zimechorwa.

Mtu mmoja akaita tukimbilie kisima. Mwanga wa jua ulikuwa umeshuka mzima mzima mpaka chini, na maji yaling’aa kijani hadi kwenye mchanga, ambako kikombe kilikuwa kimelala.

“Kikombe yangu!” Mama Sifa akapiga makofi. “Kile cha bati! Na nilimusingizia Kapita ndiye alikipoteza!”

Tukacheka mpaka tukashikana. Lakini mimi nilirudi kuitazama nguzo. Jua lililo mbali vile, na dunia kubwa vile, vilikuwa vimejipanga sawa na nguzo ya mama mpishi, bila kukosea hata unene wa kidole.

Kesho yake tulirudi, na Papa alikuwa mlangoni. Hakuniuliza mimi, alimuuliza tonton.

“Saa sita juu ya saa ya treni, kivuli kilikuwa pale,” tonton alisema. “Shubiri moja. Kisha tulingoja saa ya bibi mmoja mpishi, kikakwisha. Yaya, kaka yangu, nilikitafuta hata nyuma yangu.”

Papa akachukua kifuko chake cha mviringo cha kuchomekea pini, akakisogeza penye jua la mlangoni, akakigeuza polepole. Kila pini ilikuwa na kivuli chake, isipokuwa moja, ile iliyolitazama jua uso kwa uso. Akageuza tena; ikawa zamu ya nyingine. Alicheza hivyo muda mrefu, yeye mtu mzima.

“Darasani mulisahau kuuliza wapishi,” alisema mwishowe. “Bon. Enda. Lakini umuulize mwalimu hii mambo ya saa.”

Nilimuuliza. Mwalimu aliweka chaki chini, akakiri kwamba hakuwaza. Saa za stesheni, alisema, watu wamezipatanisha ili sehemu pana ya nchi iwe na saa moja. Jua lenyewe hufika kila mahali kwa zamu. Mimi nimejifunza kwamba ukiwa na jambo kubwa la kueleza, nyamaza kwanza ukaangalie mtu anapikaje.

Siku hizi king’ora cha saa sita kikilia, mafundi wote wa barabara yetu huinuka kwenda kula. Papa hainuki. Hutazama kivuli cha mwimo wa mlango, kisha huinamia cherehani tena.

“Saa sita ya Mama Sifa bado,” husema.