Bwana Yako Anatumika Wapi?

Kosa nitakalolieleza ni kumpima mwanamke anayejifungua kwa kazi ya mumewe. Kwangu kosa hilo lina harufu: harufu ya kreso, dawa kali ya kusafishia sakafu, iliyomwagwa juu ya damu bila kupigwa deki, katika wodi ya wazazi ya hospitali moja ya Likasi, mji wa migodi huko Kongo. Kampuni ya shaba iliijenga kwa ajili ya wake za wafanyakazi wake. Baadaye ilifunguliwa kwa watu wote, lakini vitanda vilibaki vya wale wale. Wengine walizalia kwenye saruji ya baraza. Msimu ule wa vumbi baba alikuwa amefukuzwa mgodini, akawa anauza makaa. Uchungu ulipomshika mama, nilimfuata hospitalini nikiwa na beseni na vitenge. Mkunga, sare yake nyeupe imepigwa pasi, hakumgusa hata tumbo.

“Bwana yako anatumika wapi?”

“Balimufukuza, mama. Anauzisha makala.”

“Basi bibi ya makala angojee ku baraza. Na weye mutoto, uangalie asituchafulie simenti!”

Wenzake wakacheka. Mama alipiga magoti ukutani akiuma kitenge, nami niliamini kwamba atafia pale. Ndipo mke wa dereva wa kampuni, Mwislamu wa mashariki aliyejifungua asubuhi ile, aliposhuka kitandani, akanipakatisha mwanawe, akamwinua mama.

“Kitanda hii haina na bwana, mama. Panda.”

“Mushuke, ao tutabafukuza bote!” mkunga alifoka.

“Mutoe kwanza huyu mutoto. Kichwa iko inatoka,” mke wa dereva alimjibu.

Mkunga alivaa glavu kwa hasira. Mdogo wangu wa kike alizaliwa juu ya shuka la mtu mwingine.

Majuzi nilimsindikiza mdogo wangu huyo kujifungua kitindamimba wake, katika kliniki yenye vigae na mashine ya kumulika tumbo. Kreso imetoweka, sakafu inang’aa, wakunga wanasema Kifaransa safi. Swali la kwanza ni lile lile, ila siku hizi wanataka kusikia kampuni ya kobalti. Shemeji hafanyi kazi huko, basi tuliachwa kwenye benchi. Hakuna aliyejali kumuuliza jina lake, jina ambalo wajomba zetu, Wakristo wa Kasai, walilikataa kwa kuwa ni la Kiislamu, na mama akalishikilia mpaka wakanyamaza, kwa kuwa ndilo la mwanamke aliyeshuka kitandani: Zaituni.