Miggini Anayapona Maji ya Ubatizo

Pale Kalama, mji wa kale wa mashamba ya zeituni, hapakuwa na mtu aliyejua kuchapa kiboko kama Miggini, mchapaji wa gereza. Wezi, watumwa watoro, wakulima walioshindwa kodi, wote walipita mkononi mwake. Jumapili alikwenda kanisani, na mkate mtakatifu ulipokaribia kuletwa akatolewa nje pamoja na wenzake wasiobatizwa. Hakuona haya. Nusu ya mji ilifanya vivyo hivyo.

"Nikibatizwa leo, kesho nachapa, dhambi imerudi," alimwambia mkewe, Namgide. "Nitaoga siku ninayokata roho. Zote zinakwenda na maji."

"Ngoja ngoja huumiza matumbo, baba Mutuni."

"Tumbo langu mimi nalijua."

Wakati wa kukamua zeituni homa ikamwangusha. Kasisi akaja mbio, akambatiza palepale kitandani, akamvika nguo nyeupe. Ndugu wakalia kwa furaha: huyo keshavuka. Kaburi likachimbwa.

Kumbe kulipokucha mgonjwa akaomba uji wa shayiri.

Namgide alibaki ameshika mwiko. "Unakula?"

"Njaa inaniuma."

"Ulikuwa msafi, Miggini! Ulibakiza kufa tu. Hata hilo limekushinda?"

"Na lile kaburi, shemeji?" akauliza kaka yake Namgide. "Tupande vitunguu?"

Watu wakacheka. Miggini hakucheka. Za zamani zilikuwa zimeoshwa, lakini maji ya pili hayapo, na kiboko kilikuwa kinamngoja gerezani.

Rogato, mkuu wa gereza, alipomwita, Miggini akaenda mikono mitupu. "Siwezi tena, bwana. Nimeoshwa."

"Nani kakuuliza kama unaweza? Kazi hii ni ya ukoo wenu. Ukiiacha wewe, anaishika mwanao." Rogato akaagiza Mutuni aletwe, kijana aliyeoa juzijuzi, ambaye hata kuku alichinjiwa na mkewe. Akamtia kiboko mkononi. "Anza na huyu aliyekataa amri."

Wakamfunga Miggini kwenye nguzo. Mutuni akapiga huku analia. Hakujua kuchapa. Kiboko kikazunguka mbavu, kikachana ubavu mpaka tumboni.

Miggini alilijua pigo la namna hiyo. Huua, tena si kwa haraka. Akinyamaza, mwanawe atamuua baba yake. Akisema, amemfundisha kazi, na dhambi imemrudia. Pigo la pili likaja palepale.

"Shusha kiwiko," akasema.

"Nini, baba?"

"Shusha kiwiko. Piga kati ya mabega. Na usivute unapokirudisha."

Mutuni akashusha kiwiko. Kiboko kikatua kimelala, sawasawa.

Rogato akacheka mpaka akashika ukuta. "Oneni! Huyu hajaacha kazi, kajipandisha cheo. Akipona aje awafundishe wote."

Mutuni alikuwa ameacha kulia. Akapanua miguu, akapiga tena, vizuri kuliko mwanzo.

"Hivi, baba?"

"Hivyo hivyo," akasema Miggini.